Maneno Yaliyompotea Mwalimu Everline

Kila siku ya shule, Kahaso na mama yake waliondoka nyumbani pamoja. Nyumba yao ilikuwa upande wa chini wa mji wa Garsen, pale ambapo mto Tana ukifurika watu huhama, na maji yakipungua hurudi na kuzikandika kuta upya. Njia ya shule ilipita nyuma ya zizi la jirani, ikavuka barabara ya lami iendayo Lamu, kisha ikapenya kwenye miti ya miiba iitwayo mathenge mpaka getini.

Mama yake, Everline, alikuwa mwalimu wa chekechea katika shule hiyohiyo aliyosoma Kahaso, gredi ya sita. Watu wengi walimjua kwa sauti yake. Alipoanza kuwaimbisha watoto asubuhi, wapishi walioko jikoni waliitikia huku wakichochea kuni.

Walipofika getini walitengana. Mama alielekea kwa watoto wake wadogo. Kahaso alizunguka nyuma ya darasa, ambako rafiki yake Hawo alikuwa akimsubiri kivulini. Baba yake Hawo aliuza dawa za mifugo mjini, na Hawo mwenyewe alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko wote darasani. Kahaso aliketi kando yake, akaanza kunakili kazi ya nyumbani.

"Hata ile ya kwanza hukujaribu?" Hawo aliuliza asubuhi moja.

"Nijaribu nini? Wewe ulizaliwa na kichwa cha hesabu. Mimi sikupewa."

Hawo hakubishana. Kengele ilikuwa karibu kulia, na kumpa majibu kulikuwa rahisi kuliko kumweleza. Kahaso naye hakujiona kuwa mdanganyifu. Aliamini kwamba akili ni kitu mtu anachopewa siku ya kuzaliwa, kama umbo la pua, na kwamba asiyepewa hana la kufanya ila kuomba kwa aliyepewa.

Jumanne moja, katikati ya somo, chaki ilimponyoka Mwalimu Everline mkononi. Aliinama kuiokota, lakini vidole vya mkono wa kulia havikushika. Alipoinuka kuwaambia watoto jambo, mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja, na maneno yaliyotoka hayakuwa maneno. Watoto walicheka. Walidhani ni mchezo mpya. Ni mtoto mmoja tu aliyeogopa akakimbia kumwita mwalimu wa darasa la jirani.

Walimpakia kwenye gari la mwalimu mkuu na kumpeleka hospitali, Malindi. Baba yake Kahaso, Mangi, aliyekuwa akiendesha trekta kwenye mashamba ya mpunga, aliwafuata kwa pikipiki akiwa bado na matope miguuni. Daktari aliwaeleza kwamba ni kiharusi. Mshipa wa damu ulikuwa umeziba kichwani, na sehemu moja ya ubongo ilikuwa imekosa damu.

"Alikuwa na presha?" daktari aliuliza.

"Alikuwa nayo," Mangi alijibu. "Alipewa vidonge. Lakini kichwa kilipoacha kuuma aliviacha. Alisema amepona."

Daktari alitikisa kichwa. Alisema wagonjwa wengi hufanya hivyo, kwa sababu presha huweza kukaa mwilini bila kuuma popote.

Everline alirudi nyumbani baada ya majuma kadhaa. Alitembea kwa kuburura mguu kidogo. Mkono wa kulia ulikuwa mzito. Lakini kilichowashtua watu ni maneno. Alielewa yote aliyoambiwa, ila alipotaka kujibu, neno alilolitafuta halikuja, au lilikuja lingine. Kikombe alikiita kuku. Alimwita mumewe kwa jina la Kahaso, kisha akajisikia kwamba amekosea, akafunga mdomo, machozi yakamlengalenga. Siku moja alionyesha mtungi na kusema, "Madzi." Lilikuwa neno la Kigiriama, lugha aliyoizungumza utotoni. "Maji" halikuja.

Majirani walikuja kumwona. Walileta ndizi na maziwa, wakaketi kwenye mkeka, wakasema naye kwa sauti kubwa kana kwamba amekuwa kiziwi. Walipotoka nje, Kahaso aliwasikia.

"Maskini, mwalimu mzima. Akili imemtoka."

"Ikishatoka hairudi hiyo."

Maneno hayo yalimchoma Kahaso. Tangu siku hiyo alianza kumsemea mama yake. Mgeni alipouliza, "U hali gani, Mama Kahaso?" yeye alidakia, "Mama anasema hajambo." Mama alipoanza neno, alimmalizia. Wageni walipozidi, alisimama mlangoni akasema, "Mama amelala," ingawa mama alikuwa ameketi ndani, macho wazi, akisikia kila kitu.

Shuleni walileta mwalimu wa muda. Mwalimu mkuu alimweleza Mangi kwa upole kwamba nafasi ya Everline ingengojwa hadi mwisho wa muhula. Baada ya hapo, kama hangeweza kufundisha, angeajiriwa mtu mwingine. Mangi alirudi nyumbani na habari hiyo, akaisema mara moja tu, akaenda kuangalia trekta.

Kila mwezi mtaalamu wa tiba ya usemi aliyeitwa Bi Esha alifika Garsen kuwahudumia wagonjwa. Alikuwa mwanamke kijana mwenye mtandio wa kijani. Kahaso ndiye aliyempeleka mama yake. Bi Esha alitandaza picha mezani, akaonyesha ya kwanza.

"Hii ni nini, Mama?"

"Mbuzi," Kahaso alijibu.

"Na hii?"

Everline alifungua mdomo. "M... m..."

"Muhogo," Kahaso alisema.

Bi Esha aliiweka picha chini. "Kahaso, mimi nimemuuliza nani?"

"Mama. Lakini hawezi."

"Umejuaje kwamba hawezi?"

Kahaso aligeuka. Mama yake alikuwa akimtazama. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyechoka kusukumwa.

"Nikueleze jambo," Bi Esha alisema. "Wewe ni mtoto wa mtoni. Umeona mto ukiziba mahali?"

"Nimeona. Huko chini umeziba, ukaenda kwingine."

"Nani aliuonyesha njia mpya?"

"Hakuna. Maji yenyewe yalisukuma."

"Basi. Ile sehemu ya ubongo iliyokufa haitafufuka, sitakudanganya. Lakini sehemu nyingine zinaweza kujifunza kazi yake, kidogo kidogo, zikilazimishwa kuifanya. Kila neno mama analolitafuta mwenyewe, anasukuma. Kila neno unalompa, unayazuia maji. Unampenda, naona. Lakini unamzibia."

"Watu watamcheka."

"Watamcheka," Bi Esha alikubali. "Wewe kazi yako ni kungoja."

Kungoja kulikuwa kugumu kuliko kufua, kuteka maji na kupika vikiwekwa pamoja. Kahaso aliuma ulimi mara nyingi. Jioni moja alimsikia mama yake akiosha vyombo uani na kuimba wimbo wa darasani: "Kichwa kimoja, macho mawili, mdomo mmoja wa kusemea." Maneno yalitoka yote, safi, bila kukwama. Kahaso alikimbia nje.

"Mama! Umesema 'mdomo'! Hebu sema tena!"

Mama alijaribu kulisema bila kuliimba. "Mo... do..." Halikuja. Aliliimba tena, likaja. Wakacheka wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Malindi. Bi Esha aliwaambia baadaye kwamba jambo hilo ni la kawaida, kwamba nyimbo hukaa mahali pengine kichwani, na kwamba wautumie wimbo kama daraja.

Siku moja mama alichukua kikapu, akaonyesha upande wa dukani. Alitaka kwenda mwenyewe. Kahaso alimfuata nyuma.

Duka la Nuh lilikuwa na wateja. Everline alisimama kwenye dirisha, akaegemeza mkono mzito juu ya mbao.

"Karibu, Mama Kahaso," Nuh alisema. "Nikupe nini?"

"Su... sukari," alisema, akatikisa kichwa palepale. "La. Si... su..."

Mwanamume mmoja wa boda boda alipiga makofi mawili. "Mzee Nuh, tuhudumie sisi tunaojua tunachotaka. Tuna abiria."

Mtu mwingine akacheka. Kahaso alijua mama alitaka chumvi. Neno lilikuwa limemjaa mdomoni. Alikaza meno mpaka taya likauma.

"Aliyetangulia ni yeye," Nuh alimjibu yule wa boda boda bila kuinua sauti. "Abiria wako hajaungua jua bado."

Everline alifumba macho. Aliimba kitu kwa sauti ya chini sana, midomo ikicheza, kisha akafumbua macho. "Chu... chumvi."

"Chumvi," Nuh alisema, akampa, kama anavyompa mtu yeyote.

Walipokuwa wakirudi, mama alitembea akiwa ameinua kichwa. Kahaso alikuwa akiwaza habari nyingine. Aliwaza juu ya Hawo na asubuhi zile za kivulini. Aliona kwamba Hawo anamfanyia yeye yaleyale aliyokuwa akimfanyia mama. Kila jibu alilopewa lilikuwa jibu ambalo kichwa chake hakikulitafuta.

Hata hivyo kesho yake alinakili tena, kwa maana kuona jambo ni rahisi na kuliacha ni kazi. Alijiambia ataanza wiki ijayo.

Hakufika wiki ijayo. Mwalimu wa hesabu, Bwana Kadenge, aliwasahihisha, akamsifu Kahaso kwa swali moja gumu la sehemu, kisha akamwita ubaoni awaonyeshe wenzake namna alivyolifanya. Kahaso alishika chaki. Aliandika namba ya kwanza. Akasimama. Nyuma yake mtu akaguna.

"Endelea," Bwana Kadenge alisema.

"Sijui, Mwalimu."

"Ulilifanyaje jana?"

Angeweza kusema amesahau. Watoto wengi wangesema hivyo, na mwalimu angeachia hapo. Kahaso alimtazama Hawo, aliyekuwa ameinamisha uso mpaka karibu na dawati.

"Sikulifanya mimi," alisema. "Nilinakili. Huwa ninanakili. Hawo hakutaka, mimi ndiye niliyemwomba."

Bwana Kadenge alimwambia arudi kitini, na kwamba kesho aje na mzazi.

Baba alikuwa mashambani, hangerudi kabla ya Jumamosi. Usiku huo Kahaso hakula vizuri. Kama angesema mama ni mgonjwa, mwalimu angemwelewa na kumsamehe. Mama yake hakuwa amekanyaga shule tangu siku ile chaki ilipoanguka. Walimu wote wangekuwapo. Wangemwona akitafuta maneno. Na ni walimu haohao ambao mwalimu mkuu angewauliza, mwisho wa muhula ukifika, kama Everline anaweza kurudi.

Asubuhi alimweleza mama yake kila kitu, kunakili na ubao na mzazi.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Wewe... kila... siku?"

"Kila siku, Mama."

Everline alikuwa mwalimu, na mtoto wake alikuwa akinakili mita chache tu kutoka darasa lake. Aliinuka, akatoa lile gauni la bluu alilolivaa siku za mitihani, akampa Kahaso amfunge vifungo.

Katika chumba cha walimu, watu walisimama walipomwona. Walimsalimu kwa furaha ya kweli, lakini kwa haraka, kama watu wanaoogopa kimya. Mwalimu mkuu alimvutia kiti. Bwana Kadenge alieleza habari ya Kahaso, akaifupisha kadiri alivyoweza. Alikuwa amemhurumia Everline tangu alipoingia.

"Mwenzangu, usijisumbue moyo," alimalizia. "Amekiri mwenyewe, na hilo ni jema. Tutamwadhibu kidogo, yaishe. Hesabu huenda si fungu lake. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake."

Everline aliinua mkono wa kushoto kumzuia.

"Ny..." alisema. "Ny..."

Mwalimu mmoja alifungua mdomo kumsaidia. Kahaso alimtazama, akatikisa kichwa polepole. Yule mwalimu akaufunga.

Everline alivuta pumzi. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka kwenye paji la uso. Midomo ilicheza bila sauti, kisha sauti ikaja.

"Nywele... hu... huota."

Hakuwa amemaliza. Aligusa kichwa chake mwenyewe, upande wa kushoto.

"Mimi... zangu... zi... zilinyolewa." Akapumua. "Zinaota."

Kisha akamnyooshea kidole binti yake. "Huyu... hata... hajachana. Mpe... kazi. Yake. Mwenyewe."

Mwalimu mkuu ndiye aliyecheka kwanza, halafu Bwana Kadenge, naye akafuta macho kwa kiganja. "Umenifunga, Mwalimu Everline," alisema. "Nilitaka kukufariji, nawe umenifundisha. Kahaso, umesikia hukumu yako?"

"Nimesikia, Mwalimu."

"Kuanzia leo utabaki nami nusu saa baada ya masomo. Ukikosea ukiwa umejaribu, sitakugusa. Ukileta jibu la mtu mwingine, hata likiwa sahihi, utalifanya upya mbele yangu."

Hawo naye hakuachwa. Aliambiwa kwamba rafiki akimwomba jibu ampe swali: umefika wapi, na umekwama wapi? Mwanzoni jambo hilo liliwachosha wote wawili. Kahaso alikasirika zaidi ya mara moja, akamwita Hawo mchoyo. Katika mtihani wa kwanza alioufanya bila kuangalia pembeni, alipata alama za chini kuliko alizowahi kupata. Alitaka kuuchana ule mtihani. Bwana Kadenge alimwonyesha swali moja lililokuwa sahihi kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

"Hili ni la nani?" aliuliza.

"Langu."

"Basi tuanzie hapa."

Muhula ulipokwisha, mwalimu mkuu hakutafuta mtu wa kuchukua nafasi ya Everline. Alimwomba yule mwalimu wa muda abaki, na Everline awe akija asubuhi kumsaidia, kuwaimbisha watoto na kuwafundisha kutamka, mpaka nguvu zitakapomrudia. Watoto wadogo walikuwa walimu wazuri kwake. Aliponyanyua picha na neno likakwama, hawakumhurumia wala kumcheka. Walilitafuta pamoja naye, wakipiga kelele. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na herufi zake zilikuwa kubwa na zilizopinda kama zao.

Mwaka uliofuata, Bi Esha alipokuja kwa ziara yake, alimpima Everline kwa muda mrefu, akampima na presha. Aliuliza kuhusu vidonge. Everline alimwambia, kwa maneno mafupi, kwamba anameza kila siku, kichwa kiume kisiume.

Kahaso alikuwa na swali alilokaa nalo siku nyingi. "Bi Esha, watu walisema akili ya mama imetoka. Sasa imerudi?"

Bi Esha aliliwaza kabla ya kujibu. "Ile ya kwanza haikurudi yote. Kuna maneno hatayapata tena upesi kama zamani, na ni vizuri ujue hivyo. Lakini nyingine ameitengeneza mwenyewe, kwa kazi. Akili ya mtu haikai ilivyo tangu kuzaliwa mpaka kufa, Kahaso. Ugonjwa huipunguza. Uvivu huilaza. Kujitahidi huikuza, kwa mtoto na kwa mtu mzima. Hatuanzi sote mahali pamoja, na hatufiki sote mahali pamoja. Ila hakuna anayebaki palepale, labda atake mwenyewe. Ndiyo maana mwili unaoibeba hiyo akili lazima utunzwe, na ndiyo maana hakuna mtu anayeweza kujifunza kwa niaba ya mwingine."

Angeendelea, lakini Everline alikuwa amekwisha kusimama. Alikuwa ametupa mtandio begani na kuutazama mlango.

"Mwanangu, twende," alisema. "Tuna... chelewa. Watoto wangu... wananingoja."